Mzee Egidi Luambano na Gari Lisilolala Kwenye Kona

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na minne, Mzee Egidi Luambano, fundi mkuu wa Karakana ya Nguvumoja hapa Songea, atatundika ovaroli yake kwenye msumari kwa mara ya mwisho. Msumari huo aliupigilia mwenyewe. Tumekubaliana kwamba hautang'olewa, na asitokee mtu wa kutundika kofia yake pale.

Kamati ya sherehe ilimwomba mtunza stoo, Chande Daimu, aandike wasifu huu. Walisema ni kwa sababu ana mwandiko mzuri. Sababu ya kweli karakana nzima inaijua, nayo itafika kwa zamu yake hapo chini. Wanaotaka kucheka waanze sasa ili wamalize mapema.

Mzee Egidi alianza kazi mwaka 1964, kijana mwembamba, akiosha vipuri kwa mafuta ya taa kwenye karai. Hakuna aliyemtuma kuchungulia injini, lakini alichungulia. Alifukuzwa, akarudi. Mafundi wa wakati ule wakaona heri wampe spana kuliko kupoteza siku nzima wakimfukuza. Akapanda pole pole, kutoka fundi msaidizi hadi fundi wa chasisi, na tangu mwaka 1981 amekuwa fundi mkuu. Malori yetu yalibeba mahindi na tumbaku ya wakulima kwenda Makambako na kurudi na mbolea, na kabla ya lami yalikuwa yakirudi yakiwa yamelegea kila kiungo. Yeye ndiye aliyeyakusanya na kuyarudisha barabarani.

Ni mwimbaji wa besi katika kwaya ya parokia, na karakana yetu imefaidi nyimbo za Majilio na za Pasaka bila kutoa sadaka. Alikuwa akiimba chini ya lori, na mafundi wake walijua kwamba boliti haijakazwa mpaka afike kwenye kiitikio. Ukimwamkia shikamoo, marahaba ilitoka chini kwa sauti nzito na mguu mmoja ukatikisika kwa heshima. Wapo wafanyakazi wapya ambao kwa mwezi wa kwanza waliifahamu miguu yake tu.

Katika miaka ile ya shida, vipuri vilipokuwa havipatikani hata kwa dawa, alikata bushi, zile pete za mpira za kwenye viungo vya gari, kutoka kwenye matairi ya lori yaliyokwisha. Baadaye ikaja ruksa ya biashara huria, maduka yakajaa bushi za kila namna kwenye vifuko vinavyong'aa. Vijana wakafurahi. Mzee Egidi akanunua moja, akaifunga kwenye lori la Leo, dereva wetu wa siku nyingi, akangoja. Mvua za kwanza hazijaisha, bushi ilikuwa imetafunika kama muwa. Akarudi kwenye tairi lake bila kumsema mtu.

Ruksa hiyo hiyo ilitaka kutumaliza. Wafanyabiashara wakaja na malori yao wenyewe kununua mahindi, na ya kwetu yakaanza kuota majani uani. Wengi tuliona mwisho umefika. Mzee Egidi ndiye aliyeingia ofisini kwa viongozi, kofia mkononi, na kupendekeza geti lifunguliwe tutengeneze magari ya watu wa nje. Wapo waliocheka kwamba mafundi wa malori watavunja Korola ya mwalimu mkuu. Hatukuivunja. Siku hizi zaidi ya nusu ya kazi yetu ni ya magari ya nje, na wengi wetu tunakula ugali wa wazo lile.

Lakini mwulize mtu yeyote wa Mjimwema, mtaa anaokaa, habari za Mzee Egidi, hatakuambia habari za malori. Atakuambia habari za Mjusi.

Mjusi ni gari alilolijenga mwenyewe nyumbani kwake, kuanzia mwaka 1989, jioni baada ya kazi na Jumapili baada ya misa. Injini na chasisi vilitoka kwenye Pijo iliyopinduka. Bodi aliigonga kwa nyundo kutoka kwenye mapipa ya mafuta. Lilikuwa na viti viwili tu, halikuwa na paa, na lilikaa chini hata kuku wa jirani waliingia bila kuruka. Rangi ilikusudiwa kuwa ya maziwa, ikatoka ya ugoro. Mtaa mzima ulijaa maneno. Kuna waliosema Mzee amepatwa na ujana wa jioni. Dereva Leo alitangaza kwamba fundi wetu anakwenda kushindana na Wazungu. Hata Baba Paroko alimwuliza, kwa upole sana, gari la watu wawili lisilo na paa ni la kazi gani kwa baba wa familia. Mzee Egidi alijibu, "La hewa, Baba," akaendelea kugonga bati.

Sasa Mzee ameturuhusu tuandike lilikuwa la nini.

Mkewe, Mama Notburga, ni mama anayeweza kulima kutwa bila kuomba maji, lakini gari lilimshinda tangu usichana wake. Basi likikata kona ya kwanza tu, kizunguzungu kinampanda, na kona ya tatu haipiti salama. Alijaribu limau, akajaribu tangawizi, akajaribu vidonge vya zahanati vilivyomlaza usingizi akaamka akitapika vile vile. Mwaka 1988 binti yao Suzana aliweka nadhiri zake za kwanza katika shirika la masista, upande wa Njombe. Wazazi walipanda basi pamoja. Walipofika Madaba, Mama Notburga hakuweza kuinua kichwa. Walimshusha, na mama mmoja wa pale, Mama Getruda, akampokea nyumbani kwake kama ndugu. Mzee Egidi alitaka wabaki wote. Mama akakataa. Alimwambia aende, mtoto apate japo mzazi mmoja.

Alikwenda. Alipokuwa akisimulia habari hii stoo, na aliisimulia mara moja tu, hakuzungumzia nyimbo wala mahubiri. Alisema, "Mtoto alikuwa anatazama mlango." Suzana alitamka nadhiri zake huku jicho likienda mlangoni, na mlangoni hakukuwa na mama yake. Mama Notburga alirudishwa Songea akiwa amelala, akaapa kwamba hatapanda gari tena hadi siku atakapobebwa hajui. Nadhiri za daima za Suzana zilikuwa zinakuja baada ya miaka michache. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe: kama mama angemwona binti yake akijitoa kwa Mungu moja kwa moja, au angesimuliwa tena.

Watu wote walikuwa wamempa Mama Notburga dawa. Mzee Egidi alifanya ambalo hakuna aliyelifanya: alimhoji, kama anavyomhoji dereva aliyeleta gari bovu. Inaanzia wapi? Ukiwa umekaa upande gani? Mama akafikiri, akajibu kwamba mwendo wenyewe haumsumbui. "Gari likilala kushoto, tumbo langu linabaki kulia," alisema. Tena harufu ya dizeli, tena kutoiona njia. Mzee Egidi akanyanyuka, ugonjwa ameshaujua. Ndiyo sababu ya gari lisilo na paa, na la kukaa chini, na lenye kioo kifupi ambacho Mama anaona barabara yote juu yake. Kilichobaki ni kulizuia lisilale kwenye kona.

Kwa wasio mafundi: kuna chuma kinaitwa stebilaiza. Ni fimbo inayokatiza chini ya gari kutoka upande huu hadi upande wa pili, na kuunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likitaka kuinama kwenye kona, fimbo hiyo inajinyonga na kukataa, gari likabaki wima. Mzee Egidi aliamua kufunga mbili, moja mbele na moja nyuma, akizitengeneza kutoka vyuma vya springi vya pikapu iliyokufa. Hakuruhusu moto uvikaribie. Chuma cha springi ukikichomelea, alitufundisha, umekifanya kuwa msumari mrefu.

Sasa alihitaji mtu wa kumjaribia. Mkewe asingepanda, na mafundi wote wana matumbo ya chuma. Alitafuta tumbo lisilo na adabu, akalipata stoo. Chande Daimu kwao ni Tunduru, na kila mwaka alipokwenda kula Idd nyumbani alikuwa akisafiri na mfuko wa plastiki na limau mbili. Mzee Egidi alimheshimu kwa hilo kama anavyoheshimu kipimo kizuri.

Jaribio la kwanza lilikuwa Jumamosi, karakana nzima ipo kando ya njia. Hapa ndipo tulipokosea wote. Sisi ni watu wa malori, na kwenye malori dawa ya kila kitu ni kukaza. Kikilia, kaza. Kikitikisika, kaza. Romanus, fundi wa pili, alikaza zile stebilaiza hadi mishipa ya shingo ikatoka, na Mzee mwenyewe akaimba kiitikio mara mbili. Mjusi likawa gumu kama meza. Likaondoka. Lakini kutoka nyumbani kwa Mzee hadi kwenye lami ni njia ya vumbi yenye mashimo, na gari likiwa na stebilaiza ngumu, gurudumu moja likiingia shimoni linalivuta na la upande wa pili. Kichwa cha mtunza stoo kilikwenda kushoto, kikaja kulia, kikaenda kushoto. Kona hata moja hawakuifikia. Romanus alikimbia mbele yetu akipiga kelele ambazo bado zinarudiwa kila mwaka mpya: "Jamani, leo Bwana Stoo katoa kila kitu bila saini!"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mzee Egidi hakucheka. Alimpa mgonjwa maji, akamfuta uso kwa leso yake safi ya kanisani, kisha akakaa naye kwenye ukingo wa mtaro na kumwuliza polepole, ilianzia wapi? Mwandishi wa maneno haya amewahi kuuguzwa na mama yake na mke wake. Wa tatu ni Mzee Egidi.

Baada ya majibu yale aliliweka gari juu ya magogo. Akatengeneza mikono mipya ya kushika ncha za zile fimbo, kila mkono ukiwa na matundu manne. Kiungo kinachokwenda kwenye gurudumu kikifungwa tundu la karibu na fimbo, stebilaiza inakuwa ngumu, gari linasimama wima kwenye kona. Kikihamishiwa tundu la mwisho, inalegea, na kila gurudumu linaingia shimo lake bila kumsumbua mwenzake. Vumbini unalegeza, kwenye lami unakaza. Spana aliiweka katikati ya viti viwili. Bushi, bila shaka, zilikuwa za tairi la lori. Tumbo la stoo lilipandishwa tena, na tena, na siku moja lilikwenda hadi nje ya mji na kurudi na chai yake yote ndani. Mwenye tumbo alisema Alhamdulillahi kwa sauti hata wapita njia wakageuka.

Lakini tumbo la Chande si la Mama Notburga, na kiapo ni kiapo. Mzee Egidi hakumbembeleza. Aliliacha Mjusi uani chini ya kivuli cha nyumba, mlango wazi. Siku moja Mama alikuja na ungo wa maharage, akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kile kiti, miguu nje, akachambua maharage. Kesho yake akaingiza miguu ndani. Ikawa ndiyo ofisi yake. Wageni walimkuta humo akimenya karanga na kupokea shikamoo. Wiki kadhaa baadaye alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Sukuma kidogo, Baba Suzana, jua limenifikia." Mzee alisukuma. Kesho yake jua lilimfikia tena mapema kidogo. Siku ya tatu Mzee alituomba wawili watatu twende tukasukume, na tulisukuma hadi barabarani na kurudi, injini imezimwa, na Mama kakaa na ungo wake kama askofu. Hakuna aliyethubutu kutania.

Kutoka hapo ikawa sokoni, ikawa kanisani, na mwaka 1994, siku mbili kabla ya nadhiri za daima, wakaondoka alfajiri kuelekea Njombe. Karakana yote ilisimama getini kupunga mikono. Kazi haikuanza kwa wakati siku ile, na viongozi wetu, Mungu awabariki, walikuwa getini pia.

Yaliyofuata tumesimuliwa na wenyewe. Walikwenda taratibu, Mzee akiimba, Mama akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Walipofika Madaba, Mzee alisimamisha gari. Alimwambia, "Hapa ndipo uliposhuka. Ukitaka kushuka tutashuka wote, nami safari hii sitakuacha." Mama akashuka. Mzee anasema alidhani safari imeishia pale pale. Kumbe Mama alikuwa anakwenda kumwamkia Mama Getruda, yule aliyempokea na kumwosha miaka ile. Walikumbatiana, wakaulizana habari za watoto na za mashamba, akanywa maji kikombe kizima. Kisha akarudi garini kwa miguu yake, akaketi, akapanga kanga yake, akatazama mlima ulioko mbele na kona zake zote.

"Kaza tundu moja, Baba Suzana," alisema. "Twende."

Wote wawili wanasimulia sawa hadi hapo. Baada ya hapo Mzee anasema alicheka huku akifunga kwa spana, na Mama anasema mumewe alikuwa analia, anajua kwa sababu alimwona.

Walifika. Hatutasema kwamba Mama hakusikia kizunguzungu kabisa. Alisikia kidogo mara mbili, akafumba macho, kikapita. Siku ya nadhiri alikuwa ameketi kanisani kabla kengele ya kwanza haijalia, benchi la mbele. Suzana hakuwa na haja ya kutazama mlango. Aliingia, akamwona, akasahau kupiga magoti hadi mwenzake alipomgusa.

Tungeweza kumalizia hapo, ila kuna jambo moja limezuka. Mwaka huu Sista Suzana amehamishiwa zahanati moja upande wa Tunduru. Kwenda kule hakuna lami, ni vumbi na mashimo mwanzo hadi mwisho, na kiangazi gari linaogelea kwenye mchanga. Anayeyasema haya kakulia kule. Alipopata habari, Mama Notburga alimwuliza mumewe kama tundu la nne linatosha. Mzee Egidi, kwa kuwa hajui kusema uongo kuhusu chuma, alijibu kwamba halitoshi.

Mstaafu wetu alipoulizwa anataka zawadi gani, mabati au redio, alisema tusijisumbue. Basi tumejisumbua. Alipokuwa kwenye likizo yake ya mwisho, mafundi walikata mikono minne mipya kutoka kwenye bamba la chasisi ya lori, mirefu kuliko ile ya zamani, yenye matundu matano. Tundu la tano ndilo la Tunduru. Romanus alichonga meno ya ndani, yale yanayoshika ncha za fimbo, kwa tupa hadi viganja vikachubuka. Hatukutumia moto popote, Mzee. Tumevunja ncha kadhaa za keekee, na kila iliyovunjika ilimwuma mtunza stoo kama jino, lakini zote alizitoa kwa hiari, na safari hii kulikuwa na saini.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Mzee Egidi, ahsante. Ahsante kwa kutufundisha kwamba kabla ya kukaza mtu aulizwe inaanzia wapi. Ahsante kwa leso yako, ambayo ilifuliwa na bado iko stoo, rafu ya juu, na haitolewi. Mama Notburga, ahsante kwa kutuazima mumeo mchana wa miaka yote hii. Sasa tunakurudishia awe wako kutwa. Mwenyezi Mungu awape afya, awape kicheko nyumbani, na inshallah awafikishe Tunduru mkiwa mmekaa wima. Mkifika, mwambieni Sista kwamba na sisi tulisukuma.

Yale matundu matano tumeyatoboa wenyewe bila wewe kusimama nyuma yetu, Mzee. Huenda moja limekaa upande. Kama ni hivyo, usituambie leo mbele ya wageni. Rudi utuambie.